Saa Tisa, Siku Aliyozaliwa Hudhaifa

Jumanne, 15 Julai 2003

Nimenunua daftari hili kwa sababu ya karatasi za njano.

Karatasi za njano nimepewa na wakili. Bunda zima! Akasema: andika kila unachokikumbuka siku ile mtoto alipozaliwa, tangu mlipotoka nyumbani mpaka mliporudi, saa kwa saa, usichague. Kisha, mlango ameshaushika, akaongeza kwamba nisiandike pengine popote. Ninachomwandikia yeye ni siri yetu. Ninachojiandikia mwenyewe, mawakili wa hospitali wanaweza kudai wakisome.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka duka la dawa, hapa huuza hata madaftari, nikanunua hili. Mimi ukinikataza ndio umenituma.

Kwa hivyo sasa nina maandishi mawili. Karatasi za njano ni za wakili. Hili langu litakaa garini, chini ya kiti, kwenye mfuko wa viatu vya kazi. Kaka yangu Abdulhafidh, baba wa mtoto, hapandi gari langu, asema linanuka mafuta.

Wakili ni Bi Hargrove. Mrefu, mkavu, miguu yake haitulii chini ya meza. Ofisi ghorofa ya tatu, kando ya barabara kuu ya Southwest Freeway. Mimi ndiye niliyempigia simu, mwezi wa tatu, nilipoona tangazo lake kwenye televisheni kule kazini, nyumba ya wazee: je, mtoto wako aliumia wakati wa kuzaliwa? Niliandika namba kiganjani. Kaka alikataa mwezi mzima. Tutaishtakije kadari ya Mungu, alisema. Nikamsukuma, nikamsukuma, mpaka akachoka akasema haya twende. Mimi huyo huyo!

Haraka yote ni ya sheria mpya ya hapa Texas. Inaanza tarehe mosi Septemba, na kesi itakayofunguliwa kuanzia siku hiyo, fidia yake itawekewa kikomo hata familia ikishinda. Na siku mbili za kabla yake ni Jumamosi na Jumapili, mahakama zimefungwa. Basi mwisho wetu ni Ijumaa, 29 Agosti. Mawakili wote wa Houston wanakimbizana. Korido ya Bi Hargrove imejaa maboksi mpaka mtu apite ubavu ubavu.

Saa kwa saa, amesema. Nimekaa jikoni, nimeandika vizuri tu, kurasa nne. Nimefika saa nane na nusu mchana. Hapo kalamu imesimama.


Alhamisi, 17 Julai 2003

Maegesho ya kazini, Stafford. Nusu saa ya chakula. Wenzangu wanakula ndani penye baridi, mimi nimejifungia kwenye gari lenye joto la kuchomea mkate. Wakiniuliza nitasema napiga simu nyumbani.

Niseme hapa, maana hapa hakuna mtu.

Siku ile ilikuwa 12 Februari, mwaka jana. Wifi yangu Mahfudha alikuwa na miezi mitano tu Marekani. Kiingereza chake chote: hello, thank you, no pork. Kaka ni dereva wa lori, alikuwa Oklahoma, anarudi mbio. Mimi nina miaka minane hapa, kwa hivyo mimi ndiye niliyeingia naye chumba cha uzazi. Nikawa mdomo wake. Nesi alifurahi sana kuniona. Akaniambia Kiingereza changu kizuri kuliko cha wajukuu zake. Nami nikavimba kichwa.

Nilikuwa nimeshaomba mambo matatu. Daktari awe mwanamke. Mtandio usivuliwe. Mlango usiachwe wazi. Mara zote nesi alisema hakuna shida. Lakini kwa la tatu alivuta pumzi kwanza. Niliisikia ile pumzi.

Baada ya adhuhuri wakamfungua Mahfudha ule mkanda wa tumboni, unaosikiliza moyo wa mtoto, ili atembee tembee. Saa tisa hivi akakaa kitandani, akanishika mkono kwa nguvu. Akasema: "Wifi, mtoto kanyamaza. Tangu adhuhuri hajacheza. Mwambie."

Nesi huyo akaingia. Akauliza, anaendeleaje?

Nikasema hajambo, anashukuru. Nikauliza kama daktari mwanamke amepatikana. Akasema bado wanatafuta. Tukazungumza kidogo habari za mvua. Akatoka.

Mahfudha akaniuliza: "Umemwambia?"

Nikasema: "Nshamwambia. Asema ni kawaida, watoto hupumzika kabla ya kutoka."

Nesi hakusema hivyo. Hayo ni maneno ya bibi yetu, Mungu amrehemu. Nesi hakuambiwa chochote.

Kwa nini? Sijui. Najua. Sikutaka kuvutiwa pumzi tena kwa ombi la nne. Sikutaka kuwa yule mgeni msumbufu. Basi, hilo tu, hakuna jingine kubwa zaidi. Ningependa lingekuwapo.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi wakamfunga mkanda tena. Wakatazamana. Ndipo watu walipoanza kukimbia.

Muda umekwisha. Mzee wa chumba cha kumi na mbili hali mpaka nimlishe mimi.


Jumapili, 20 Julai 2003

Nimeshinda kwa kaka. Sharpstown, ghorofa ya pili, ngazi kumi na tisa. Nazijua kwa sababu nikimbeba Hudhaifa nazihesabu. Ana mwaka na nusu. Hajakaa, hajashika kitu. Shingo bado haijakaza. Madaktari wanaita mtindio wa ubongo. Kumlisha ni saa nzima: kijiko, unangoja, ameze, unangoja, kijiko. Ukiharakisha anapaliwa. Lakini akisikia sauti yangu mlangoni anageuza kichwa! Mwalimu wake wa mazoezi asema hamgeukii mtu mwingine hivyo ila mama yake. Laiti angelijua anamgeukia nani.

Kaka amebadilika kabisa. Yule aliyesema kadari sasa ana utepe wa kupimia mfukoni. Amepima milango yote ya apatimenti. Ataka nyumba ya chini, isiyo na ngazi, yenye milango mipana ya kupita kiti cha magurudumu. Ataka mtu wa kumsaidia Mahfudha mchana ili alale walau saa mbili. Ataka mtoto aonwe na bingwa. Anaongea mpaka chai inapoa. Kisha akaniambia, mbele ya mkewe: "Dada, Mungu akulipe. Bila wewe ningekaa tu nikilia."

Nikasema nitoe takataka. Nikashuka na mfuko ulio nusu.

Mahfudha siku hizi apiga simu zake mwenyewe. Anakwenda darasa la Kiingereza maktaba, Jumanne na Alhamisi. Leo nimemsikia akigombana na watu wa dawa ya kifafa ya mtoto, kwa adabu, bila kuniuliza hata neno moja. Nimefurahi. Pia nimeona kama nimefutwa kazi.


Jumatatu, 28 Julai 2003

Kwa wakili, sisi watatu. Faili la hospitali limefika. Unene wake wa kuwekea mlango usijifunge.

Bi Hargrove amesoma kwa sauti alichoandika nesi. Saa tatu asubuhi: mgonjwa asema hajambo, kupitia wifi yake. Saa tano: mgonjwa asema hajambo, kupitia wifi. Saa saba: hajambo. Saa tisa na robo: hajambo, kupitia wifi.

Mara nne! Akaweka miwani mezani. Akauliza mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anakuwaje hajambo mara nne.

Nilijaribu kueleza. Kwetu Mombasa mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo. Hata kama ndani ya nyumba kuna maiti. Unasema sijambo, alhamdulillahi, unamkaribisha, anakaa, anakunywa maji. Habari mbaya huja baadaye. Si uongo, ni adabu. Mahfudha alijibu vile kila alipoulizwa, nami nikatafsiri vile vile.

Akanitazama. Akauliza: sawa, na siku ile habari mbaya zilikuja saa ngapi?

Kabla sijafungua mdomo Mahfudha akasema, kwa Kiingereza chake kipya, polepole, kila neno mahali pake: saa tisa nilimwambia wifi yangu mtoto amenyamaza. Wifi yangu akamwambia nesi. Kidole chake kikanielekea.

Wakili akaandika haraka. Mara ya kwanza nimemwona akitabasamu. Akaeleza: tangu saa saba na dakika arobaini mpaka saa kumi na moja kasoro kumi mkanda haukuwa umefungwa, kwa hivyo hakuna karatasi inayoonyesha moyo wa mtoto ulikuwaje. Hospitali itasema tungejuaje. Lakini kama nesi aliambiwa mtoto hachezi, ilikuwa wajibu wake kumfunga mkanda pale pale. Hiyo ndiyo kesi, akasema. Bila hiyo hatafungua.

Akanigeukia: ni kweli, Yumna? Ulimwambia?

Kaka alikuwa ananitazama na uso ule wa kushukuru.

Nikaitikia kwa kichwa.


Jumanne, 29 Julai 2003

Kuitikia kwa kichwa si kusema. Sikusema ndiyo.

Upuuzi gani huu, Yumna!


Jumamosi, 9 Agosti 2003

Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth. Saa nne na nusu za kuendesha, kiyoyozi kibovu, abaya imenigandia mgongoni. Wakili ameajiri nesi wa kumsomea faili, na Mungu alivyo, amempata Mkenya! Lydiah Onyancha, Mkisii, karibu miaka ishirini wodi ya wazazi. Wakili akanituma nikae naye, nimpitishe siku ile yote kwa Kiswahili.

Nyumba nzuri ya chini. (Milango mipana. Nilitazama milango kabla ya kusalimu, kaka ameniambukiza.) Viatu vya watoto sebuleni, kwaya yote ya kanisa lao ilikuwa imepita asubuhi kufanya mazoezi. Binti yake Whitney akaleta chai na mandazi. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza na tabasamu.

Lydiah akatandaza karatasi mezani, akachukua rula, akashuka mstari mmoja mmoja. Alipofika kwenye zile hajambo nne akacheka.

"Hawa watu wetu! Nikiwauliza pain ni ngapi out of ten, wananiambia 'siko mbaya, sister.' Na mtu anang'ata shuka!"

Nami nikacheka. Ilikuwa raha dakika ile. Kisha rula ikasimama saa tisa na robo.

"Hapa. Niambie vile ulimwambia nesi. Maneno yenyewe."

Nilishika kikombe. Alinitazama, akaweka rula chini.

"Ngoja, dada. Kabla ufungue mdomo. Mimi naweza itwa kortini. Nikiulizwa uliniambia nini, nitasema. Siwezi ku-lie. Kwa hivyo kama ni kitu hutaki nijue, kunywa chai."

Sikunywa chai. Nilimwambia. Yote, pumzi ya nesi, bibi, mvua. Mtu wa kwanza. Niliona nitazimia, kisha nikaona njaa kali. Nikala mandazi matatu.

Hakunigombeza. Alikasirika, lakini si na mimi. Akauliza: "Nani alikuambia wewe ni interpreter? Ulifundishwa? Hospitali kama hiyo iko na simu ya interpreter, unapiga, unapata mtu. Hawakupiga. Walichukua dada ya bwana, wakampatia kazi hajui, na wakaandika 'kupitia wifi' mara nne bila kuona aibu. Hiyo pia ni makosa. Yao."

Nikamuuliza kama hiyo inatosha kuwa kesi.

Akafikiri sana. "Labda. Ni ndogo kuliko ile ingine. Sijui kama wakili ataitaka, na time imeisha. Lakini ni ya ukweli, hakuna mtu atakuja kuibomoa. Shida yake ni moja. Lazima uiseme, na uiseme mbele ya kila mtu. Bro yako. Mama mtoto."

Akasema wakili atapata kutoka kwake kilichomo kwenye faili, basi. "Mimi nasoma karatasi. Ya mdomo yako peleka mwenyewe."

Alinisindikiza mpaka garini. Akanifungia mandazi kwenye foili. Hakusema itakuwa sawa. Nimempenda kwa hilo.


Jumapili, 10 Agosti 2003

Nililala kwa Lydiah, nimerudi leo. Njia nzima nimefanya mazoezi ya kumwambia Mahfudha. Nilipopita Corsicana nilikiambia kioo cha mbele yote, sawasawa, na machozi. Madisonville nikarudia, machozi kidogo. Nilipofika Conroe hadithi ilikuwa imeshabadilika, nesi alikuwa ameshaanza kutoka mlangoni nilipotaka kusema, hata kosa langu silioni vizuri. Saa mbili tu barabarani!

Mahfudha alifungua mlango na mtoto begani. Akauliza safari ilikuwaje.

Nikasema njema.


Alhamisi, 14 Agosti 2003

New York taa zimezimika, mji mzima, na miji mingine. Kazini wazee wote mbele ya televisheni, watu wanatembea kwa miguu kwenye madaraja. Mzee wa chumba cha kumi na mbili akaniambia mahali fulani kuna mtu mmoja aliyeona taa nyekundu inawaka akanyamaza. Alisema tu, ni mtu wa kuropoka. Nilimwaga juisi.

Kaka ameona nyumba Stafford. Ya kupanga. Hajaomba, ameona tu. Ina bafu unaloingia bila kuvuka kizingiti.

Siku kumi na tano.


Jumatano, 20 Agosti 2003

Imekuja kwa posta. Maelezo ya kiapo, jina langu juu kwa herufi kubwa, mafungu kumi na mawili.

Karatasi za njano nilizirudisha wiki iliyopita. Niliruka kutoka saa nane na nusu mpaka saa kumi na moja kasoro, nikaacha nafasi mistari mitano nikijiambia nitajaza. Sikujaza. Wakili kanijazia! Amechukua maneno ya Mahfudha na kichwa changu kilichoitikia, akatengeneza fungu la saba. Linasema hivi: saa tisa hivi alasiri nilimwambia nesi kwamba mtoto ameacha kucheza tangu adhuhuri. Nesi alinijibu kwamba ni kawaida.

Sentensi mbili. Safi kabisa. Nikizisoma naweza hata kumwona nesi akisema. Hilo ndilo linalonitisha. Nikizisoma mara kumi nitaamini.

Chini kuna nafasi ya saini na mahali pa muhuri, na maneno kwamba nimeapa mbele ya Mwenyezi Mungu. Yamini ya uongo. Madrasa walitufundisha dhambi hiyo kwa fimbo, siwezi kujifanya sikuisikia.

Nilipiga simu ofisini. Msichana wa mapokezi akauliza anisaidie nini. Nikauliza kama Ijumaa ya kutia saini, tarehe 29, maegesho ni ya bure.

Ni ya bure.


Jumatano, 27 Agosti 2003

Naandikia gotini, mwandiko utakuwa mbaya. Niko kwenye gari, chini ya apatimenti yao. Jua bado kali.

Kaka yuko na lori, arudi kesho. Nilijua Mahfudha atakuwa peke yake, nikaomba ruhusa kazini mapema. Nilimkuta sakafuni, mtoto kamwegemeza kwenye mito, anamlisha ndizi iliyopondwa. Nikakaa. Nikasema: "Wifi, nina neno."

"Sema."

"Siku ile. Saa tisa—"

"Najua," akasema. Hata macho hakuinua. Akamfuta Hudhaifa kidevu.

"Hujui."

"Najua, Yumna. Nilikuwa nakutazama mdomo. Kiingereza sikijui, lakini 'baby' nalijua tangu Mombasa, nani asiyelijua? Uliongea, ukaongea. Ukasema 'doctor'. Ukasema 'lady'. 'Baby' hukusema."

Alijua! Miezi kumi na minane! Tumekula sinia moja, kanishonea dera la Idi, kanipa mwanawe nimbebe ngazi zote zile. Alijua.

Nikalia vibaya, kwa sauti. Hakunibembeleza. Alingoja mtoto ameze, akampa kijiko kingine.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikwambie ili iwe nini? Na mimi nina yangu. Mdomo ninao. Ningepiga ukelele, yule nesi angekuja hata kama hajui nasema nini. Nilisema mara moja. Ukaniletea maneno ya bibi, nikasema alhamdulillahi, nikalala upande. Nilitaka iwe kweli, basi."

Nikamweleza ya Lydiah. Kwamba ukweli nao huenda ukawa kesi, kwamba hospitali haikupaswa kunitumia mimi, kwamba tunaweza kwenda Ijumaa tukasema yote kama yalivyokuwa.

"Wakili ataikubali?"

"Labda."

"Labda," akasema. Akamnyanyua mtoto, kichwa kikaanguka nyuma, akakidaka kwa kiganja kama anavyofanya mara mia kwa siku. "Mbebe huyu na hiyo labda yako mpaka chini, kisha urudi juu."

Nikasema juu ya kiapo. Nikasema ni haramu, wifi, tutasimama mbele ya Mungu.

"Mimi nshasimama. Jumatatu nilikwenda peke yangu nikatia saini yangu. Nimeandika kwamba ulimwambia nesi. Ukisema hukumwambia, mwongo ni mimi, na kesi haipo." Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. "Ile saa ya siku ile huwezi kunirudishia. Hii ya Ijumaa unaweza kunipa."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Akanipakulia wali. Na mimi nikaula! Nimekaa nikaula wote, Hudhaifa amegeuza kichwa ananisikiliza ninavyotafuna.


Ijumaa, 29 Agosti 2003

Ofisini kwa wakili. Nimelipandisha daftari kwenye mkoba, mara ya kwanza kulitoa garini. Sijui kwa nini. Najua. Kama nitashindwa kusema, litakuwa hapa, mtu anaweza kuliomba.

Saa nne asubuhi. Korido haina maboksi tena, yote yameshakwenda mahakamani. Kijana wa kupeleka makaratasi amesimama mlangoni na bahasha tano mkononi, yetu ni ya sita. Kaka yuko mapokezi, kavaa kanzu kabisa ili akitoka aende sala ya Ijumaa. Amempakata Hudhaifa. Namsikia kupitia ukuta akimwambia yule msichana kwamba dada yake ndiye aliyeanza yote haya, dada yake ana akili nyingi.

Tumekaa mezani watatu, mimi, Mahfudha na Bi Hargrove. Maelezo yangu mbele yangu. Wakili akauliza kama kila kitu kiko sawa, hasa fungu la saba. Aliligusa kwa kalamu. Nikasema nataka kulisoma tena. Akatazama saa, akasema nina dakika kumi, maana mama wa muhuri, anayeshuhudia viapo, wino wake umekauka, ameshuka ghorofa ya pili kuazima. Kisha simu ikamwita, miguu yake ikamtangulia kutoka.

Kwa hivyo naandika. Mahfudha hajauliza naandika nini.

Nilisali alfajiri mpaka magoti yakauma. Niliinuka nimeamua kusema. Kwenye gari nikaamua tena, kinyume. Kwenye lifti nilikuwa nimeamua la kwanza. Nikilifuta fungu la saba, kaka ataingia aulize kwa nini, na itabidi nimwambie pale alipo, na kanzu yake, na mtoto mkononi. Nikitia saini, Lydiah yuko Arlington na rula yake. Labda hawatamuuliza. Labda! Mahfudha ana haki, labda haibebi mtu.

Nimeshika kalamu ya wakili mkono huu na yangu mkono huu. Nimeweka alama ndogo pembeni ya fungu la saba. Si mstari, nukta tu. Mahfudha ameiona nukta.

Hudhaifa ametoa sauti upande wa pili wa ukuta. Amesikia nilipokohoa.

Mama wa muhuri amerudi. Wakili nyuma yake. Mama wa muhuri ana uso mwema, mnene, ameshika kidau cha wino juu kama amekishinda kwenye bahati nasibu. Anavuta kiti. Anauliza, akina mama, hamjambo leo?

Mahfudha amejibu hajambo, ahsante. Kwa Kiingereza, vizuri sana.

Sasa wananingoja mimi nifunge daftari nijibu. Wakili ananitazama mkono wenye kalamu. Mahfudha hatazami kalamu, wala hanitazami machoni. Ananitazama mdomo.